Mabuti Mapya ya Orrin Stensrud

Duka la zana za uwindaji pale Trask lina kijiteremko cha mbao karibu na rafu za soksi, kwa ajili ya wanunuzi wa mabuti. Unavaa, unafunga kamba, unapanda upande huu na kushukia upande wa pili. Vidole vikigonga mbele wakati wa kushuka, buti si lako, rudisha utafute jingine. Kila mtu anayewinda elki katika bonde letu amewahi kukipanda, na sijasikia aliyewahi kukiogopa isipokuwa Orrin Stensrud, Oktoba ile.

Alipanda, akashuka, akasimama chini akiwa ameshikilia ukingo wa rafu.

"Enhe?" aliuliza Shayla, binti anayeuza pale. "Vidole vimegonga?"

Orrin hakujua. Huo ndio ukweli, na ulimtoa jasho kwapani. Tangu majira ya baridi yaliyopita miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, kwanza vidole, halafu nyayo, halafu visigino. Kisukari, alisema muuguzi wa kliniki. Akamwagiza atazame nyayo zake kila jioni kwa kioo, asitembee pekupeku hata sebuleni, na akiona kidonda, hata kiwe kama punje ya mtama, akimbilie hospitali. Orrin aliitikia kila neno, akashukuru vizuri, akarudi nyumbani akafunga mdomo. Lavonne, mkewe, alijua habari ya sukari, maana ndiye aliyekuwa akimnyang'anya pai mezani. Habari ya ganzi hakuijua.

Wahenga walisema siri ya kiatu aijuaye mvaaji. Hawakutuachia neno juu ya mvaaji ambaye naye hajui.

"Nangoja kidogo," Orrin alisema. "Nayasikiliza."

"Yasikilize, shemeji, lakini duka linafungwa saa kumi na mbili!" ilitoka sauti nyuma ya mahema. Huyo ni Gaylen Tuttle, kaka yake Lavonne. Amewinda na Orrin zaidi ya miaka thelathini, na mwaka ule alikuwa ameshikwa na wazimu wa kupunguza uzito wa mzigo wake wa mlimani. Alikuja na mizani mfukoni. Alikuwa ameshakata mpini wa mswaki wake na kung'oa lebo zote kwenye nguo, na sasa alikuwa akipima vikombe viwili vya bati na kuvitazama kama mtu anayechagua mchumba.

"Gaylen," Orrin alimjibu, "badala ya kukata mswaki, punguza tumbo. Hilo nalo unalibeba mpaka mlimani."

"Tumbo ni akiba. Dhoruba ikitukamata, wewe utakufa, mimi nitakula tumbo."

Shayla alicheka, akapiga goti, akabonyeza ncha ya buti kwa kidole gumba. Ngozi ya mbele ilikuwa ngumu, haikubonyea. Orrin alimkodolea macho usoni akitafuta jibu huko, maana miguuni hakulipata.

"Umevaa namba gani siku zote?"

"Kumi na nusu."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipooa."

"Mzee Orrin, miguu ya watu hutanuka. Hii yako naiona kama imevimba. Vua soksi nikupime upya, tujaribu kumi na moja, tena ile pana."

Vua soksi. Orrin aliwaza kucha zake zilivyokuwa, na ile rangi iliyokuwa ikipanda kifundoni, na huyu binti mwenye macho makali ambaye mama yake anasali kanisa moja na Lavonne. Mchana ule ule habari ingefika nyumbani kabla yake.

"Hapana, haya haya," alisema. "Yamenikaa sawasawa."

"Una hakika?"

"Binti, nilikuwa navaa mabuti kabla mama yako hajaota meno."

Akalipa, akatoka, na boksi lilikuwa zito mikononi kuliko lilivyostahili.

Ukitaka kumjua Orrin, mtazame miguuni. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya wavulana wanne, na mabuti yake ya kwanza yalipitia kwa kaka zake wote kabla ya kumfikia, mama yao akayajaza magazeti kwenye ncha ili yasimvuke. Aliua elki wake wa kwanza akiwa ameyavaa hayo. Elki si sungura. Ni kulungu wa milimani, na dume lake lina mwili wa fahali. Baba yake, mkata magogo asiyependa maneno, alimpiga begani mara moja, akasema, "Sasa beba." Alibeba paja zima la nyuma akilia kimyakimya mpaka barabarani, na tangu siku hiyo akaamini kwamba mwanamume ni miguu, mengine ni porojo.

Baadaye alivaa mabuti ya meno ya chuma, ya kusimamia magogo, mpaka kiwanda cha mbao kilipofungwa. Akahamia ya mpira yenye manyoya ndani, ya kuendeshea greda la kaunti linalosukuma theluji barabarani. Hata siku ya harusi alivaa mabuti, kwa sababu viatu vya kuazima vilimbana, na picha iko ukutani mpaka leo. Mama mkwe aliondoka duniani bila kumsamehe.

Machi ile alistaafu kabla ya wakati. Watu aliwaambia ni mgongo. Ukweli ni kwamba asubuhi moja, kwenye mteremko wa shule, alitafuta breki kwa mguu asiipate. Mguu ulikuwa juu yake, aliuona kwa macho, ila haukumwambia kitu. Greda lilikunja sanduku la barua la mjane mmoja na kusimama kwenye ukuta wa theluji. Hakuna aliyeumia. Orrin alikaa mle ndani mpaka kioo kikaingia ukungu, kisha akashuka akaenda kuacha kazi.

Basi greda lilikwisha kwenda. Mlima nao ukienda, angebaki nani? Angekuwa mtu wa kukaa dirishani siku ya kufunguliwa msimu wa uwindaji, akitazama wenzake wakipita na fulana zao za rangi ya chungwa, kama Delbert Aske wa karibu na kanisa, aliyeanza na kidonda kidogo kwenye dole gumba akamalizia na mguu wa plastiki. Siku hizi Orrin alikuwa akizunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya nyumba ya Delbert. Alimwogopa mzee wa watu kama mtoto anavyoogopa jini, na hofu hiyo, badala ya kumpeleka kliniki, ndiyo iliyomzuia. Binadamu tumeumbwa ovyo.

Sasa, huku kwetu kuna njia ya kale ya kufundisha mabuti mapya, tuliyoachiwa na wakata magogo. Unayajaza maji, unayavaa yakiwa chepechepe, na unatembea kutwa mpaka yakukaukie miguuni. Ngozi inajifunza mguu. Wauzaji wa madukani wa leo wanashika vichwa wakisikia, na Shayla alikuwa amemwonya alipokuwa akimfungia boksi: haya ni magumu, yazoee kidogo kidogo, saa moja leo, saa mbili kesho, ukiyalowesha yatakuchubua. Lakini Orrin aliwaza hivi: kama mguu hauwezi kulijua buti, basi buti na liujue mguu. Aliona amepata akili ya ajabu.

Akaingia kwenye hodhi la kunyweshea farasi na mabuti yake, akasimama humo mpaka mapovu yakaisha, akatoka akaanza kuzunguka uzio. Farasi wake wawili wazee walimtazama mizunguko ya kwanza, wakachoka, wakarudi kwenye nyasi. Alitembea tangu kahawa ya asubuhi hadi jua lilipogusa misonobari ya upande wa magharibi. Hakuna kilichomuuma. Alijisikia kijana. Alianza hata kupiga mluzi.

Alipovua ndani ya zizi, soksi ya kulia iligoma. Aliivuta, ikatoka na kitu. Kisigino kilikuwa kimechubuka, lengelenge limepasuka zamani, na nyama imebaki wazi, nyekundu, ukubwa wa mfuniko wa chupa. Aliibonyeza pembeni kwa kidole. Kidole kilisikia unyevu. Kisigino hakikusikia kidole.

Alikaa juu ya robota la majani akiwa ameushika mguu wake mwenyewe kama wa mtu mwingine. Aende kliniki? Wangemwambia akae nyumbani, na msimu unafunguliwa wiki inayofuata. Aliwaza, nikirudi kutoka mlimani nitakwenda. Akakisafisha, akakiziba kwa plasta pana ya farasi, akafua soksi kwenye ndoo na kuianika nyuma ya zizi.

Hapo ndipo alipokosea. Lavonne aliiona soksi kesho yake.

"Umefua soksi?" aliuliza, uso umeelekea sinki, anamenya viazi.

"Ilikuwa na tope."

"Orrin. Tangu unioe hujafua hata leso."

"Mtu hujifunza."

"Kwa umri huu?"

"Kwani ni dhambi?"

Aligeuka akamtazama, kisu mkononi. "Una nini wewe?"

"Sina kitu. Nina njaa."

Mume anayefua soksi ana jambo. Hilo mke yeyote analijua. Lakini Lavonne hakuwa mtu wa kuchimba, alikuwa mtu wa kungoja, na kungoja kwake ndiko kulikomtisha Orrin zaidi. Alipakua mchuzi wa nyama ya elki, pakiti ya mwisho iliyobaki kwenye friza, akakaa, akala, na kila Orrin alipoinua kichwa alikutana na macho yake.

Jumamosi kabla ya msimu ilikuwa siku ya chumvi. Hiyo ni sheria ya Orrin na Gaylen wenyewe, na ina historia yake. Zamani, wakiwa bado na mbavu nene, Gaylen aliangusha dume chini kabisa ya korongo la Sorrel, mahali ambapo hata mbuzi angeomba ushauri kabla ya kuingia. Walishindwa kuitoa nyama yote. Jua likatoka, nusu ikaharibika. Huku kwetu mtu akikosa shabaha anachekwa wiki nzima, lakini akiacha nyama ioze mlimani hachekwi, anaepukwa. Tangu aibu ile waliapa: kila mwaka, kabla ya msimu, kila mmoja ataweka gunia la chumvi ya ng'ombe kwenye shanta lake na kupanda kilima cha nyuma ya makaburi. Atakayeshindwa, wote wawili wanawinda kando ya barabara. Hakuna kubembelezana.

Gaylen alifika na mizani yake, akaitundika kwenye tawi, akapima mashanta yote mawili mpaka yakalingana.

"Lako limezidi kidogo, shemeji. Umeficha nini humu?"

"Sijaficha kitu!" Orrin alijibu kwa ukali uliowashangaza wote wawili.

"Nilikuwa natania. Lo! Umeamkia upande gani leo?"

Wakaanza kupanda. Orrin alitangulia. Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alibadilisha plasta bila kuangalia sana chini yake. Sasa alihesabu kila hatua kwa macho: jiwe lile, mzizi ule, weka mguu, hakikisha umekaa, inua mwingine. Mtu anayeona anatembea hivyo gizani. Alikuwa akivuja jasho, na si la mzigo. Nyuma yake Gaylen alianza kuhema, kisha kukohoa, kisha kulaani.

"Taratibu, bwana! Unakimbizwa na nani?"

"Pumzika ukitaka."

"Nipumzike wewe ukienda kumsimulia dada yangu? Thubutu!"

Karibu na kilele kuna uzio wa zamani wa ranchi ulioanguka, mbao zimetapakaa kwenye nyasi ndefu. Waliuvuka. Orrin alifika juu kwanza, akatua mzigo, akakaa juu ya jiwe na kunyoosha miguu mbele. Alikuwa amepita mtihani. Mbele yake safu ya Sorrel ilikuwa imeshavaa theluji mabegani, na kwa muda mfupi hofu ilimtoka kabisa, akatoa nyama kavu mfukoni akaanza kutafuna.

Gaylen alifika, akajitupa chini, akalala chali.

"Umepanda kama kijana wa miaka ishirini," alisema alipopata pumzi. "Nakwambia ukweli, nilikuwa na wasiwasi na wewe. Tangu uache kazi umekuwa kama kuku mwenye mdondo. Nilimwambia hata Lavonne. Kumbe! Mabuti gani hayo? Na mimi nitayanunua."

"Mabuti mazuri."

"Haya, tubadilishe soksi." Hiyo nayo ilikuwa desturi yao, soksi kavu za sufu kileleni kabla ya kushuka. Gaylen alishaanza kufungua kamba. "Na wewe toa."

"Zangu kavu."

"Kavu? Mgongo wako unachuruzika kama bomba!"

"Nimesema kavu, Gaylen."

Gaylen aliinua mabega, akavua zake, akavaa nyingine. Alipoinama kufunga kamba, macho yake yakaangukia soli ya buti la Orrin, akaangua kicheko.

"Wiki moja tu! Wiki moja, na umeshayatoboa. Una msumari hapo, shemeji. Wa uzio. Pole na ile ahadi yao ya kutoingiza maji."

Orrin alitazama. Katikati ya soli, karibu na mzizi wa dole gumba, kulikuwa na kichwa cha msumari chenye kutu, kimezama sawa na mpira.

"Acha," alisema haraka. "Nitautoa nyumbani."

"Uutoe nyumbani uzidi kuchimba? Lete mguu." Gaylen alikwisha kuchomoa koleo mkandani. Alikishika kisigino kwa mkono wa kushoto, akabana kichwa cha msumari, akavuta huku akiendelea na mizaha yake. "Soli nene hii. Bahati yako umekwama kwenye..."

Msumari uliendelea kutoka. Ulikuwa mrefu. Nusu ya kwanza ilikuwa na kutu, na nusu ya pili ilikuwa nyekundu, inang'aa.

Gaylen aliinua macho kumtazama Orrin usoni, na Orrin alikuwa bado na kipande cha nyama kavu shavuni. Hakuwa amekunja hata ndita.

"Hukusikia," Gaylen alisema.

Orrin aliendelea kutafuna.

"Orrin. Nimekutoa inchi mbili za chuma mguuni, na wewe unatafuna."

"Ni kisukari. Kimeingia miguuni."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ile."

"Tangu baridi ile!" Gaylen alisimama, koleo na msumari bado mkononi. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi. "Na ulipanga kuniambia lini? Tukiwa Sorrel, siku mbili kutoka barabarani, theluji kiunoni? Ungeoza huko miguu huku unanipigia mluzi! Nani angekutoa? Mimi? Na kifua hiki?"

"Ningekwambia usingekwenda."

"Ndiyo nisingekwenda!"

"Basi ndiyo maana."

Gaylen aliutupa msumari mbali kwa nguvu zake zote, kisha akageuka upande wa bonde, akajifuta macho kwa mkono wa koti na kujifanya anatafuta gari lao huko chini.

"Mshenzi wewe," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Dada yangu nitamwambia nini? Kaa hapo hapo. Usisimame. Nakwenda kuleta gari kwa njia ya ranchi, na nikirudi nikukute umesimama, nitakuvunja huo mguu mwingine."

Alishuka mbio bila shanta, tumbo lake likimtangulia. Orrin alibaki na magunia mawili ya chumvi. Alifungua kamba, akavua buti, kisha soksi, na damu iliyokuwa imejikusanya ndani ikamwagika juu ya nyasi. Kisigino kilikuwa kimefumuka plasta, na nyama iliyokuwa nyekundu siku ile sasa ilikuwa na rangi asiyotaka kuitaja. Alilia. Si kwa maumivu, maumivu yangekuwa neema. Alilia kwa sababu alimwona Delbert Aske dirishani, na dirisha lilikuwa la nyumba yake yeye Orrin.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Orrin aliumbuliwa na msumari, na ukitaka maoni yangu, alibahatika.

Hospitali iko mji wa jirani, mwendo mrefu wa gari, na Gaylen aliuendesha bila kusema neno, yeye ambaye huongea hata akiwa amelala. Alikuwa amempigia simu Lavonne, wakamkuta tayari mlangoni pa hospitali, koti limefungwa vibaya, kifungo kimoja kimeruka tundu. Hakumpigia Orrin kelele. Aliutazama mguu uliofungwa fulana ya chungwa ya Gaylen, akasema, "Soksi," basi, kama mtu aliyepata jibu la fumbo, akashika mpini wa kiti cha magurudumu.

Walimpiga picha ya mifupa, wakamwosha, wakamchoma sindano. Daktari, mama mmoja mfupi aitwaye Enright, alirudi na picha, akaitundika kwenye mwanga.

"Msumari umekosa mfupa," alisema. "Hicho kisigino ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi, lakini bado hakijafika ndani. Nitakulaza. Utakaa bila kuukanyaga mguu huu mpaka nikuruhusu, na usiniulize habari za elki, kila mwanamume anayeletwa hapa mwezi huu ananiuliza. Ungepanda mlimani na kidonda hiki katika buti linalobana, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Ukinisikiliza, mguu utabaki nao."

Utabaki nao. Orrin alifumba macho. Nje ya mlango alisikia Gaylen akipenga kamasi kwa kelele.

"Hivyo hivyo, usifumbue," daktari alisema. "Nina uzi mgumu hapa, nataka kujua ganzi imefika wapi. Nikikugusa, sema ndiyo."

Orrin alilala akingoja. Alijua kwamba Lavonne yumo chumbani, alisikia pumzi yake miguuni pa kitanda. Alingoja, na kungoja kukawa kurefu, na hofu ile ile ya kijiteremko cha dukani ikamrudia kwa nguvu zake zote. Bila shaka ameshagusa, aliwaza. Bila shaka wote wananitazama.

"Ndiyo," alisema.

"Bado sijakugusa, Bwana Stensrud."

Masikio ya Orrin yaliwaka moto. Maneno mengi yalimjia, ya mzaha, ya ukali, ya kubabaisha, yale yaliyomvusha mwaka mzima, na moja baada ya jingine yakamfia mdomoni.

"Endelea," alisema. "Nitasema kweli."

Akasema kweli. Kwa muda mrefu hakusema lolote, kwa sababu hakuna alichosikia, mpaka daktari alipofika juu ya kifundo, karibu nusu ya muundi, ndipo aliposema ndiyo kwa sauti hafifu. Daktari akaandika. Mguu wa pili ulikuwa vivyo hivyo.

"Samahani, Lavonne," Orrin alisema, macho bado yamefumbwa. "Niliogopa. Niliogopa sana."

Orrin aliingoja sauti ya mkewe, akaikosa, akadhani ametoka nje, au ameketi kule kwenye kiti cha dirishani na kumpa mgongo, na hakumlaumu. Kisha akafumbua macho. Lavonne alikuwa pale pale, ameinama juu ya kitanda, ameushika wayo wa mguu wake usio na kidonda kwa mikono yote miwili na kuubana kifuani, na Orrin hakujua ameushika tangu lini.